Kolesteroli imetoka juu: ubadilishe sufuria, unywe statini, au ununue vidonge vya kitunguu saumu?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hii. Daktari alikuwa na foleni ndefu, nikaona haya kumuuliza sana."

Akakunjua karatasi ya maabara juu ya kioo cha kaunta, akailainisha kwa kiganja. Pembeni yake akaweka cheti cha dawa: atorvastatini miligramu 20, mojawapo ya statini, dawa za kushusha kolesteroli, kidonge kimoja kwa siku. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba na kutoa kichupa cha vidonge vya kitunguu saumu, zawadi ya bintiye. "Sasa nitumie kipi? Au nianze na chakula kwanza, nione?"

Ni mwalimu mstaafu, miaka 58, kisukari mwaka wa sita, na presha anayoituliza kwa amlodipini. LDL yake, yale mafuta mabaya ya kwenye damu, ilikuwa 3.9.

Wiki hiyohiyo alikuja kijana wa miaka 36. Kazini kwao walikuwa wameletewa wapimaji, naye akatoka na LDL ya 3.6 na hofu kubwa kuliko namba yenyewe. Hana presha, hana sukari, hajawahi kuvuta sigara. Alitaka nimuuzie "dawa ya kusafisha mishipa" papo hapo. Ukitazama tarakimu tu, hawa wawili ni majirani. Lakini mama aliondoka na boksi la statini, kijana nikamrudisha nyumbani mikono mitupu, na hakufurahi.

Swali lao ndilo ninaloulizwa karibu kila siku nyuma ya kaunta hii ya famasia. Kulijibu kunahitaji hesabu moja ndogo ambayo maabara haikufanyii.

Hesabu yenyewe

Karatasi ya mafuta huwa na mistari minne: kolesteroli yote, HDL, LDL na trigliseridi. Wanaopenda Kiswahili cha vitabuni huiita kolesteroli lehemu, lakini sijawahi kumsikia mteja akiomba dawa ya lehemu. Mstari wa kuukazia macho ni LDL, yale tunayoyaita mafuta mabaya. Ni chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu. Zikiwa nyingi, baadhi hupenya ndani ya ukuta wa mshipa na kubaki humo. Mwaka baada ya mwaka ukuta unavimba kwa ndani, mpaka siku ile uvimbe unapopasuka, damu inagandia juu yake, na njia inafungwa kwa dakika chache. Ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo, ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza mpira Jumamosi bila hata kuhema na akazikwa Jumatatu. Uvimbe uliopasuka pengine haukuwa umebana hata nusu ya mshipa, kwa hiyo haukumpa dalili yoyote.

Kama karatasi yako imeandikwa kwa miligramu, yaani mg/dL, gawanya namba ya LDL kwa 38.7 upate hii ninayoitumia hapa, yaani mmol/L. 150 ni kama 3.9.

Sasa tazama unatakiwa kufika wapi. Miongozo ya Ulaya ya 2019, ambayo madaktari wengi huishika, inasema mtu asiye na hatari kubwa akae chini ya 3.0. Mwenye kisukari cha miaka mingi au chenye mambo mengine juu yake, kama presha ya mama yetu, ashuke chini ya 1.8. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo, chini ya 1.4.

Kijana anatoka 3.6 kwenda 3.0: apunguze kama asilimia 17. Mama anatoka 3.9 kwenda 1.8: apunguze asilimia 54. Safari mbili tofauti kabisa. Mmoja anaweza kwenda kwa miguu, mwingine anahitaji basi.

Na kila hatua ina thamani yake. Majaribio ya statini yalipokusanywa pamoja yalionyesha kuwa kila LDL inaposhuka kwa 1.0, mashambulio ya moyo, viharusi na kuzibuliwa mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano, na hiyo ni kwa kama miaka mitano tu ya matibabu. Kwa hiyo njia yoyote utakayoletewa, iwe na mganga, na jirani au na mimi, iulize maswali mawili: inashusha kwa asilimia ngapi, na je, mwakani bado nitakuwa naifuata?

Wasio na nafasi ya kuchagua

Kuna watu ambao "nianze na chakula nione" si chaguo lao. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba. Mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, ambaye huenda ameirithi: tatizo hilo la kurithi linampata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, na likipatikana kwako, ndugu zako na watoto wako nao wapimwe. Na mwenye kisukari aliyevuka miaka 40. Hawa dawa na chakula vinaanza siku moja.

Waliobaki hupimwa kwa jumla ya mambo: umri, jinsia, sigara, presha, sukari, kolesteroli. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya mwaka 2019, na ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Nzuri zaidi, ipo pia ya zahanati isiyo na maabara, inayotumia uzito na urefu badala ya kolesteroli. Mwombe daktari akuonyeshe mraba wako una rangi gani. Kijana wangu hakuwa hata na mraba. Chati zinaanzia miaka 40.

Chakula: jikoni kwa mtafiti na jikoni kwako

Mwaka 2003 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwagawa watu 46 katika makundi matatu, kundi moja wakalilisha mwezi mzima kwa vyakula vilivyochaguliwa kushusha LDL: shayiri, soya, lozi, siagi iliyotiwa viini vya mimea, pamoja na bamia na biringanya. Ndiyo, bamia hii hii. LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29. Wenzao waliopewa lovastatini, moja ya statini, walishuka kwa asilimia 31. Chakula kilikaribia kulingana na dawa!

Wengi wanaposimulia habari hiyo huishia hapo. Mimi napenda kuendelea hadi 2011, watafiti walewale walipowafuata Wakanada 351 kwa miezi sita, safari hii wakiwapa ushauri tu na kuwaacha wajipikie. LDL ilishuka kwa asilimia 13 mpaka 14. Kanuni za chakula zilikuwa zilezile. Kilichopungua katikati ni harusi, uvivu wa Jumapili, shemeji aliyekuja na mbuzi, na bei ya lozi.

Kwa hiyo ukiniuliza chakula kinashusha kiasi gani kwa mtu wa kawaida, nitakwambia asilimia 10 hadi 15 akijitahidi. Kwa kijana inakaribia kabisa umbali wake. Kwa mama inafika robo ya njia.

Ukiamua kwenda kwa njia hii, usianzie kwenye mayai. Watu wanaacha yai moja la asubuhi kwa majonzi makubwa huku mandazi yakiendelea kuogelea kwenye mafuta yanayoganda. Kinachopandisha LDL ya wengi wetu zaidi ni mafuta ya aina hiyo, yale yanayokuwa mazito yakipoa, kuliko kolesteroli iliyomo ndani ya chakula. Linganisha chupa za dukani kwa kigezo hicho. Alizeti ya kawaida, kama ile ya Singida, ina karibu asilimia 10 hadi 12 tu ya mafuta yanayoganda. Mawese, pamoja na mengi ya yale mafuta ya bei nafuu yanayopimwa kwa robo mtaani, ni karibu nusu. Samli ni zaidi ya asilimia 60. Mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Yale ya kopo yaliyogandishwa kiwandani ni mabaya kuliko yote kama bado yana mafuta ya trans, ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linataka yaondolewe sokoni duniani kote. Maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya mimea yasikulaghai: hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, ni sawa na kuandika "haina mifupa" kwenye gunia la mchele.

Najua nikigusa nazi nimegusa mila. Watu wa Pwani huniambia, wazee wetu walikula nazi wakafika miaka 90. Nami nimelelewa kwa samaki wa kupaka, siachi. Lakini majaribio yaliyokusanywa mwaka 2020 yalionyesha kuwa mafuta ya nazi, yakiwekwa badala ya mafuta kama ya alizeti au soya, yanapandisha LDL kwa takriban 0.27. Kwa kijana anayetafuta kushusha 0.6, hiyo ni karibu nusu ya safari yake. Tui la Ijumaa kwenye wali ni jambo moja. Kukaangia chapati kila siku kwa mafuta ya nazi kwa sababu umesikia mtandaoni ni dawa ni jambo jingine.

Kama unadhani kubadilisha mafuta ya kupikia ni kitu kidogo, tazama majirani zetu wa Bahari ya Hindi. Mauritius, mwaka 1987, serikali ilibadilisha mafuta ya mgao ambayo karibu kila nyumba ilikuwa ikipikia. Mwanzo yalikuwa zaidi mawese, wakaweka soya. Miaka mitano baadaye wastani wa kolesteroli yote ya watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Ilikuwa sehemu ya kampeni pana ya afya, lakini waliofanya hesabu waliyapa mafuta sehemu kubwa ya sifa. Mama wa nyumbani alipika vilevile, kitu kilichobadilika kilikuwa ndani ya kopo.

Zaidi ya mafuta: maharage, kunde, choroko na mbaazi mara nyingi badala ya nyama, dona badala ya sembe, karanga kiganja kimoja, bamia isiyozamishwa kwenye mafuta. Na kwa mpenzi wa kahawa chungu ya barazani: ikichemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi huwa na kiini kinachopandisha LDL. Wanorwei wa Tromsø waliliona hilo tangu miaka ya 1980. Vikombe viwili vidogo na kashata wala sivisemi. Anayekaa na muuza kahawa kutoka alasiri hadi isha ndiye ninayemlenga.

Hapo lazima atokee mtu wa kuniambia habari za Wamasai. Maziwa, nyama, damu, na mioyo yao mizima! Ni kweli, na lilichunguzwa. George Mann, Mmarekani, aliwapima miaka ya 1960 akakuta kolesteroli yao iko chini. Mwaka 1972 yeye na wenzake, akiwemo Anne Spoerry, daktari aliyeruka kwa ndege kutibu watu Kenya, walichapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai. Sehemu hii huachwa kwenye masimulizi: kuta za mishipa yao ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa mafuta sawa na za wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na Mann alidhani ni kwa sababu ya mwendo wao wa kila siku. Hoja hiyo siikatai. Nashangaa tu kwamba kila mara naletewa na mtu aliyekaa saa mbili kwenye foleni ya Ubungo ndani ya gari lake.

Statini kwa statini

Kwanza majina: kwenye boksi utazikuta bila ile "i" ya mwisho. Zinazopatikana kwa urahisi ni tatu, nazo si ndugu mapacha.

| | Simvastatini | Atorvastatini | Rosuvastatini |
|---|---|---|---|
| LDL inashuka kwa takriban | 35% (mg 20) | 43% (mg 20), 49% (mg 40) | 46% (mg 10), 52% (mg 20) |
| Wakati wa kunywa | Usiku | Wakati wowote | Wakati wowote |
| Ukiwa na amlodipini | Isizidi mg 20 | Hakuna kikomo hicho | Hakuna kikomo hicho |
| Ukiwa na ARV zenye ritonaviri | Marufuku | Dozi ndogo, kwa uangalizi | Dozi ndogo, kwa uangalizi |
| Balungi | Liepuke | Usinywe juisi yake kwa wingi | Halina neno |
| Figo zikiwa dhaifu sana | Dozi ndogo | Dozi haibadiliki | Dozi hupunguzwa |

Mstari wa amlodipini ndio unaonipa kazi kubwa, kwa sababu amlodipini imo karibu kwenye kila mfuko wa mgonjwa wa presha. Huongeza simvastatini kwenye damu, na ikizidi ndipo misuli inapoanza kuumia. Nimekutana na vyeti vya simvastatini 40 pamoja na amlodipini 10 vilivyoandikwa na watu wawili tofauti, kliniki mbili tofauti, kila mmoja hajui la mwenzake. Beba boksi zako zote unapokwenda kuongezewa dawa. Zote, hata ile ya fangasi na ile antibayotiki ya wiki iliyopita: klarithromaisini na simvastatini hazikai nyumba moja.

Kwa anayefunga Ramadhani, atorvastatini na rosuvastatini ni rahisi, utainywa na futari au na daku. Anayetumia rosuvastatini na dawa ya maji ya kiungulia aziachanishe kwa saa mbili.

Mimi, mtu akiniuliza ningechagua ipi, nasema atorvastatini kwa wengi wetu. Ina nguvu ya kutosha, haibagui saa, figo haziisumbui, na tangu haki miliki yake iishe kuna za viwanda vingi kwa bei inayobebeka. Simvastatini si mbaya, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4,444, ndilo lililoonyesha kuwa inapunguza vifo kwa asilimia 30 kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Imezeeka tu, na ina masharti mengi.

Wanaoishi na VVU wana habari yao wenyewe. Mwaka 2023 jaribio kubwa la watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kuwa pitavastatini inapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu ambao hatari yao ilionekana ndogo au ya wastani. Dawa hiyo si rahisi kuipata kwenye maduka yetu, lakini habari yenyewe ni ya kumpelekea mtoa huduma wa CTC (kliniki ya VVU) utakapokwenda tena.

Sasa hofu. "Nasikia zinaua ini." "Nasikia ukianza huachi." "Jirani yangu miguu ilimkaza." Nianze na miguu. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London waliwapa watu 60, wote waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyahisi, vichupa vya mwaka mzima: miezi minne ya statini, miezi minne ya vidonge bandia, miezi minne bila kitu, vikiwa vimechanganywa. Mwezi wasipokunywa chochote, alama za dalili zilikuwa 8 kwa 100. Mwezi wa statini, 16.3. Mwezi wa kidonge bandia, 15.4. Dalili zilikuwa za kweli, ila karibu zote zililetwa na kule kunywa kidonge huku ukisubiri kuumia. Walipoonyeshwa matokeo yao, nusu walirudi kwenye dawa.

Hiyo haina maana upuuze mwili wako. Misuli ikilegea kwa nguvu, ikauma kwa kuigusa, au mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyo. Ni nadra sana, lakini ndipo figo zinapoharibika. Ini hupimwa kabla ya kuanza, na kuharibika kwake kweli kwa statini ni nadra. Sukari inaweza kupanda kidogo, hasa kwa aliyekuwa tayari anakaribia kisukari, na hata kwake faida ya moyo kwa kawaida huwa kubwa zaidi. Mjamzito, anayetafuta mtoto na anayenyonyesha waseme mapema, kwa kawaida haitumiki. Na ndiyo, ni ya muda mrefu. Ukiiacha LDL inarudi ilikokuwa, kama presha inavyorudi.

Kile kichupa cha kitunguu saumu

Hapa sina maneno mengi, kwa kuwa mashindano yalikwisha kufanyika. Mwaka 2022 hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, ilitoa matokeo ya jaribio la siku 28. Watu wasiopungua 190 waligawanywa: wengine rosuvastatini miligramu 5 tu, wengine kidonge bandia, wengine mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano, viini vya mimea au mchele mwekundu wa Kichina. Rosuvastatini ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38. Zile nyingine hakuna hata moja iliyoishinda bandia. Kitunguu saumu LDL ilipanda kidogo.

Kwenye mchuzi kitunguu saumu kina heshima yake, sina ugomvi nacho. Na kama kinachomvuta mtu ni neno "asili", basi ajue statini ya kwanza ilitoka kwenye ukungu wa mchele. Akira Endo wa Japani alichunguza kuvu na ukungu wa aina zaidi ya 6,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akakipata alichokitafuta kwenye ukungu uliotoka katika duka la nafaka la Kyoto. Hata mchele mwekundu wa Kichina una kiini kilekile cha lovastatini, isipokuwa chupa moja inacho kingi na nyingine haina, nawe hujui umenunua ipi.

Statini isipofikisha

Watu hudhani ukiongeza dozi mara mbili, nguvu nayo inaongezeka mara mbili. La. Kila ukizidisha dozi ya statini mara mbili unapata nyongeza ya kama asilimia 6 tu ya LDL uliyoanza nayo. Ezetimibe, kidonge kimoja cha miligramu 10 kinachozuia kolesteroli kufyonzwa kwenye utumbo, kinaondoa kama moja ya tano ya LDL iliyobaki, na mwaka 2015 jaribio la watu zaidi ya 18,000 lilithibitisha kuwa nyongeza hiyo inapunguza matukio ya moyo. Huku kwetu ni ghali kuliko statini na si kila famasia inayo.

Juu yake kuna sindano: evolokumabu na alirokumabu kila wiki mbili, au inklisirani ambayo baada ya dozi mbili za mwanzo huchomwa mara mbili kwa mwaka. Zinashusha LDL kwa nusu hadi asilimia 60, na bei yake kwa mtu wa kipato cha kawaida hapa ni ya kusoma na kufunga ukurasa. Nazitaja kwa sababu mizizi yake imo katika damu ya Waafrika. Wazo la kwamba kuifunga protini iitwayo PCSK9 kungemlinda mtu lilipata nguvu baada ya watafiti wa Dallas kukuta baadhi ya Wamarekani weusi wamezaliwa na nakala moja ya jeni yake isiyofanya kazi, LDL yao iko chini kwa asilimia 28, na magonjwa ya moyo kwao ni machache ajabu. Kisha Zimbabwe, kwenye kliniki ya akina mama, akapatikana binti wa miaka 21 mwenye LDL ya 0.4, mzima wa afya, na mtoto wake mkononi.

Miezi mitatu baadaye

Mama alirudi na karatasi imekunjwa mara nne. LDL 2.1. Alikuwa amekunywa atorvastatini kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, ndiyo saa yake ya kukumbuka, na nyumbani samli ilihamia kabati la juu. Lakini cheti kipya kilisema miligramu 40, na uso wake ulikuwa umeanguka. "Kwani nimezidi kuumwa?"

Tukapiga hesabu pamoja nyuma ya boksi tupu. Dozi ya 40 ingeondoa kama 0.2, imfikishe 1.9. Kuongeza ezetimibe badala yake kungeondoa 0.4, imfikishe 1.7, chini ya mstari wake. Nikampigia daktari wake, naye akasema hana tatizo na njia yoyote, mgonjwa achague kwa mfuko wake. Mama akauliza bei zote mbili, akanyamaza kidogo, akachukua ya 40. "Hiyo nyingine tutaizungumza pensheni ikitoka."

Kijana alipita wiki moja baadaye. 3.1. Alikuwa ameacha chipsi za usiku na anatelemka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwake. Alinisalimia kwa ubaridi kidogo, bado anaona nilimnyima dawa, lakini karatasi aliileta mwenyewe bila kuitwa.

Nikamuuliza mama, na kile kichupa cha vitunguu saumu? Kiko juu ya friji, akasema. Bintiye akija akione.